Boti Ikae Kavu Msimu wa Fukuto: Hatua kwa Hatua kwa Anayehifadhi Mara ya Kwanza

"Boti nimeifunika vizuri, hata tone la mvua halikuingia, mbona ndani inanuka uvundo?" Swali hili naulizwa kila fukuto linapokaribia, na huja na ndugu zake: nifunge madirisha au niyaache wazi? Ile chumvi ya kunyonya unyevu inatosha? Magodoro yakae ndani? Nimekuwa nikiyajibu kipande kipande, na jibu la kipande humwacha mtu na boti iliyokauka upande mmoja na kuota koga upande wa pili. Hapa nayapanga yote kwa mfuatano wa kazi yenyewe.

Kabla ya lolote, shika hili. Njia za kuhifadhi boti kavu ni mbili tu, na hazichanganyiki. Ama upitishe hewa ndani yake mchana na usiku, ama uizibe kabisa na uikaushe hewa ya ndani kwa mashine. Wengi wanaoharibikiwa hufanya nusu ya hii na nusu ya ile: wanawasha mashine huku tundu la hewa liko wazi, au wanafunga kila kitu bila kuweka cha kukausha. Na njia yoyote utakayochagua, haitakusaidia ikiwa maji umeyafungia ndani mwenyewe siku ya kwanza.

Nadharia ni fupi. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ikishiba hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 hubeba takriban gramu 17. Usiku ukipoa, zile gramu 13 za ziada hazina pa kukaa hewani, zinageuka umande juu ya dari, vioo, na mbavu za boti. Koga hustawi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi. Kwa hiyo lengo letu ni kukaa chini ya 60.

Utakavyohitaji

- Siku mbili zenye jua na upepo, mfululizo. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, usianze bila hicho.
- Maji ya kutosha yasiyo na chumvi, na mpira wa kumwagilia.
- Ndoo, upo au kopo la kuchotea maji yaliyoingia botini, sponji kubwa, na vitambaa vya pamba vingi kuliko unavyodhani.
- Siki nyeupe, brashi laini, glavu na barakoa.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Vipima unyevu viwili vidogo.
- Turubai, mti au bomba la kuwa mgongo wake, na kamba.
- Wavu wa mbu.
- Kwa njia ya hewa: feni ndogo ya sola, ukiweza. Kwa njia ya kuziba: mashine ya kukausha hewa na umeme wa uhakika.

Vipima unyevu vya bei nafuu hukosea sana, kwa hiyo vijaribu kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge usiingize hewa, uuache usiku kucha mahali penye kivuli. Asubuhi kipima kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 80, andika kwa kalamu mgongoni mwake "toa 5". Kazi imekwisha.

Hatua za kazi

1. Toa nje kila kinachonyonya maji. Magodoro, mito, mapazia, nguo, vitabu, ramani, taulo, kamba, tanga, jaketi za kuokolea maisha, chakula chote, na hata maboksi ya karatasi. Ukiweza kuvihifadhi nyumbani, vipeleke nyumbani. Godoro ambalo lazima libaki, lisimamishe kwa ubavu lisiguse ukuta wa boti.

Usiseme "hiki kimoja hakina shida." Msimu mmoja niliacha jaketi moja ya kuokolea maisha ndani ya kabati la omo (mbele ya boti), mshipi wake tu ukiwa na unyevu. Wiki tano baadaye nilipofungua, mshipi ulikuwa umeota manyoya ya kijivu, na ubao ulioegemewa nao ulikuwa na alama nyeusi yenye umbo lile lile la mshipi, mpaka zile nyuzi za mshono zinahesabika. Alama ile sijaweza kuitoa mpaka leo.

2. Osha chumvi. Kama boti imetoka baharini, hatua hii huamua mengi. Chumvi iliyokauka juu ya mbao na vitambaa huvuta maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75, na kwenye fukuto hiyo ni kila usiku. Ndiyo maana godoro lililolowa maji ya bahari halikauki kabisa hata ulianike wiki nzima: mchana linakauka, usiku linalowa tena. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi sitaha, kuta za ndani, sanduku la nanga, mnyororo na kamba zake. Kitambaa kilichofikiwa na maji ya bahari kifuliwe, kisianikwe tu.

3. Kausha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hujikusanya. Hapa usiwe na haraka. Fua maji kwa upo mpaka yasichoteke tena, kisha ingia kwa sponji, kisha kwa kitambaa. Pampu haiwezi kumaliza kazi hii, kwa kuwa siku zote huacha maji kidogo chini ya mdomo wake. Fungua vibao vyote vya sakafu. Mulika kwa tochi kati ya taruma (mbavu za ndani ya boti) moja na jingine, maana kila nafasi ni kidimbwi chake. Zile tundu ndogo za kupitishia maji kutoka taruma hadi taruma huzibwa na nywele, rangi iliyobanduka na vumbi la mbao. Zizibue kwa waya laini au kijiti, na utaona maji uliyodhani yamekwisha yakianza kuteremka tena taratibu. Subiri yateremke. Futa. Rudi baada ya saa moja ufute tena.

Nikimaliza, mimi hupitisha kiganja kikavu chini kabisa, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya boti. Kiganja kikitoka na utelezi, bado kuna mafuta na uchafu, na uchafu huo ndio chakula cha uvundo. Osha kwa sabuni, suuza, kausha upya. Kisha acha vibao vya sakafu vikiwa vimeinuliwa.

Kama boti iko nchi kavu, chomoa nguruzi, kile kizibo cha tundu la chini, ukifunge kwa kamba kwenye usukani ili siku ya kurudi majini usikisahau. Weka wavu kwenye tundu. Kama boti inabaki majini, hakikisha betri ina chaji na swichi ya pampu ya kujiwasha yenyewe inafanya kazi: inua boya lake kwa mkono usikie pampu ikinguruma.

4. Choo, mabomba na friji. Harufu ya mayai viza ndani ya boti mara nyingi haitoki kwenye koga. Hutoka kwenye maji ya bahari yaliyolala ndani ya mabomba ya choo, ambamo viumbe vidogo vimekufa na kuoza. Pitisha maji yasiyo na chumvi kwa wingi, toa uchafu wa tangi mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, kisha funga vali. Friji uioshe, uikaushe, na mlango wake uubane na kitu usijifunge. Matangi ya maji ya kunywa uyamwage.

5. Tafuta panapovuja. Mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Anzeni chini mkipanda juu, sehemu moja kwa wakati, dakika chache kila sehemu. Mkianza juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yaliingilia wapi. Vilango na madirisha yapimwe kwa karatasi: weka ukanda wa karatasi ukingoni, funga, vuta. Ukichomoka bila kukaza, mpira wa kuzibia wa pale umechoka.

Boti ya mbao iangalie kwa makini zaidi. Maji ya mvua huozesha mbao upesi kuliko maji ya bahari, na mbao ikikaa na unyevu zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, kuvu wa kuozesha hupata nafasi. Tone dogo linalodondokea mahali pale pale msimu mzima lina madhara kuliko wimbi lililokupiga mara moja.

6. Pangusa kwa siki. Changanya siki na maji kiasi sawa, pangusa kuta, dari, ndani ya makabati na chini ya vitanda. Iache ikauke yenyewe. Penye koga tayari, tumia siki isiyochanganywa, vaa barakoa, na ulowanishe kabla ya kusugua, usije ukarusha vumbi lake likaota kwingine.

*Onyo:* usichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kufulia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na chumba cha boti ni kidogo. Klorini pia huchosha nyuzi za mishono ya vitambaa, na juu ya mbao hufanya doa kuwa jeupe huku mizizi ikibaki.

7. Fungua kila kinachofunguka ndani. Milango ya makabati, droo, sanduku la nanga, vifuniko vya chini ya vitanda. Hewa isiyotembea ndani ya kabati hupoa na kulowa peke yake hata kama sebule ya boti ni kavu. Milango ibane kwa kamba isipigwe na upepo.

8. Mkao wa boti. Iliyo kwenye trela au magogo, inua omo kidogo ili maji yateremke tezi (nyuma ya boti) na kutoka kwenye tundu. Mwaga ndoo moja ya maji juu ya sitaha uone yanakwenda wapi. Yakisimama mahali, rekebisha mkao.

9. Funika, lakini usivalishe. Turubai lililolala juu ya boti kama shuka hufungia mvuke chini yake, na kila linapogusa hubaki alama. Weka mti wa mgongo kutoka omo hadi tezi, juu kiasi cha mtu kuingiza mkono wote kati ya turubai na sitaha, na mteremko uwe mkali, maji yasitengeneze mfuko. Ncha mbili ziache wazi kwa ajili ya upepo. Nailoni ya kawaida isiyopumua ndiyo mbaya kuliko zote. Ni afadhali kivuli kisicho kamili kuliko boti iliyofungwa ndani ya nailoni.

10. Sasa chagua njia.

*Njia ya hewa.* Inafaa kama hakuna umeme, kama huwezi kufika mara kwa mara, na kwa boti yoyote ya mbao ambazo maungo yake yamezibwa kwa kalafati (nyuzi za pamba zinazopigiliwa kati ya mbao). Unahitaji angalau matundu mawili yaliyo mbali: moja chini upande mmoja, jingine juu upande wa pili. Tundu moja halipitishi hewa, hata liwe kubwa namna gani. Feni ya sola iwekwe ikitoa hewa nje kwenye tundu la juu, isipulize ndani. Kila tundu livishwe wavu. Ujue pia mpaka wa njia hii: haiwezi kuifanya boti iwe kavu kuliko hewa ya nje. Inachofanya ni kuzuia maji yasitulie mahali pamoja, na kwa boti iliyooshwa na kukaushwa vizuri hilo hutosha.

*Njia ya kuziba.* Inafaa boti ya faibaglasi au chuma yenye umeme wa uhakika. Ziba matundu yote ya vyumba vya kukaa, weka mashine katikati, sehemu bapa isiyoweza kuanguka, na uipangie asilimia 55. Kwenye joto, mashine ya kompresa hufanya kazi vizuri. Ile ya kunyonya kwa kemikali inafaa zaidi penye baridi. Mambo manne huangusha watu hapa:

- Ndoo ya mashine hujaa na mashine inazima. Unganisha bomba linaloteremka moja kwa moja hadi kwenye sinki lenye tundu la nje. Usilielekeze kwenye ngama, utakuwa unazungusha maji yale yale.
- Umeme ukikatika na kurudi, mashine nyingi za vitufe haziwaki tena zenyewe. Jaribu kwa kuchomoa waya na kuurudisha kabla hujainunua.
- Waya wa kuunganishia ukiachwa umejikunja hupata moto. Utandaze wote, na uwe mnene wa kutosha. Kikatio cha umeme unaovuja kiwepo.
- Usizibe kamwe matundu ya chumba cha injini ya petroli wala ya tangi lake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukusanyika ngamani, na cheche moja inatosha. Feni ya kawaida isiwekwe humo. Mtungi wa gesi ya kupikia utoe kabisa.

Na ile chumvi ya kunyonya unyevu, kalisi kloridi? Inasaidia ndani ya kabati lililofungwa au boti ndogo iliyozibwa. Ukiiweka kwenye boti yenye matundu wazi, unajaribu kukausha hewa ya dunia nzima. Maji yake hula chuma na kuharibu mbao, kwa hiyo iweke ndani ya beseni pana, si juu ya kiti. Mimi huitumia makabatini tu. Vifurushi vya silika jeli viwekwe kwenye sanduku la redio na vifaa vya umeme.

11. Mafuta na betri. Tangi la chuma lijaze, ukiacha nafasi ndogo ya mafuta kutanuka kwa joto, ili umande usipate ukuta mtupu wa kugandia. Nyaya za betri zichomolewe, isipokuwa ule wa pampu kama boti iko majini, na ncha zake zipakwe grisi.

12. Rudi kukagua. Wiki ya kwanza nenda mara mbili, kisha kila baada ya wiki mbili. Kipima kimoja kiwe chumba kikuu, kingine kwenye kabati la ndani kabisa. Andika namba na saa kwenye daftari linalobaki botini. Nusa kabla hujafungua madirisha: sekunde tano za kwanza pua hukuambia ukweli, baada ya hapo inazoea. Mvua kubwa ikinyesha, nenda kesho yake hata kama siku haijafika.

Boti ya mbao za kalafati

Usiikaushe kupita kiasi. Mbao zikinywea, maungo hufunguka na kalafati hulegea, na siku ya kuishusha majini boti inajaa maji kabla mbao hazijavimba. Kwa boti hiyo tumia kivuli na upepo tu, mashine usiilete. Jua lisiipige ubavuni.

Mambo yakienda kombo

*Kipima kinasoma zaidi ya 70 na mashine inawaka.* Kuna tundu limesahauliwa, au ngama ina maji. Angalia ngama kwanza. Kisha sanduku la nanga, ambalo mara nyingi lina mlango wa hewa kutoka nje.

*Umande juu ya vioo asubuhi, lakini kipima mchana kinasoma 55.* Hewa ni nzuri, ila kioo kinapoa kuliko ukuta. Weka kivuli au pazia la nje juu ya kioo, na feni ndogo ya ndani izungushe hewa usiku.

*Harufu ipo, koga haionekani.* Nusa kabati moja moja, nyuma ya vibao vya kuta, na chini ya tangi la maji. Inua kila zulia. Kama ni mayai viza, rudi hatua ya 4. Kama ni udongo mbichi, kuna mbao au sponji iliyolowa mahali. Bonyeza mbao kwa ncha butu ya bisibisi, ikizama ni kuoza na ni kazi ya fundi.

*Koga imerudi pale pale baada ya kusafishwa.* Mahali hapo panapata maji. Usisugue mara ya tatu, tafuta maji yanatoka wapi: boliti ya sitaha, mpira wa dirisha, au ukuta unaopoa kwa sababu kitu kimeuegemea.

*Umeikuta tayari imelowa na jua halipo.* Usiwashe jiko la gesi au mafuta ya taa ndani ili kuikausha. Kilo 1 ya gesi ya propani ikiungua huzaa takriban kilo 1.6 za maji, na humo humo gesi ya kaboni monoksidi inaweza kukuua. Fua ngama, toa vilivyolowa, acha vilango wazi chini ya turubai lenye mgongo, washa feni, na usubiri siku kavu. Magodoro yaliyokaa na maji ya mvua zaidi ya wiki moja, kama sponji ya ndani imeota madoa, yatoe usiyarudishe; kifuniko cha kitambaa fua, sponji nunua mpya.